Marufuku Kufudikiza Kikombe

Usinikazie macho hivyo. Kama umekuja kusikiliza, sikiliza. Kama umekuja kupima ukweli, mizani iko sokoni, nenda kapime vitunguu. Watu siku hizi wanaamini kila kinachotoka kwenye simu, hata ng'ombe anayehubiri, lakini waambie jambo lililotokea hapahapa Mtendeni, Tabora, mchana kweupe, wanauliza kama una uhakika. Shaka yako iweke hapo pembeni. Usiimwage, sakafu imepigwa deki.

Kijiwe ni cha barazani kwa Bi Saleha binti Thabit, kwenye ile kona ambayo misafara ya zamani ilipinda kuelekea Ujiji na sasa wanapinda bodaboda na baiskeli za mkaa. Bi Saleha ana nyumba nene ya udongo, dele la kahawa lisilopoa, na ulimi ambao marehemu mumewe aliuita panga la pili la nyumba. Benchi lake la mninga lina wenyewe. Yupo Mundhir, fundi baiskeli mstaafu, anaitwa Jenerali kwa sababu ya suruali yenye mifuko mingi. Huyo ndiye mwenyekiti. Yupo Shomari, aliyekuwa tarishi wa mahakama, anabeba mafaili asiyoyasoma, na kwa hayo akaitwa Katiba. Yupo Raymundi, Setilaiti, ambaye bando lake haliishi na habari zake hazina mwenyewe. Na yupo Ezekia, mkulima wa tumbaku, Mmoravia mpole, anayeitwa Upinzani kwa kuwa aliwahi kuuliza swali. Kila mwaka mvua zikianza, Ijumaa ya kwanza, wanapiga kura kwa vikombe: aliyechoka na mwenyekiti anakifudikiza chake, asiyechoka anakiacha kinatazama juu. Wakifudikiza wengi, mwenyekiti anainuka kwenye kile kiti kimoja chenye mgongo, anakaa benchini na binadamu wenzake.

Mwaka huu vita vikalipuka huko ng'ambo, Jenerali akaamuru benchi liingizwe ndani, kwenye stoo ya Bi Saleha, kwa usalama. Siku mbili tatu tu, alisema. Bi Saleha akakubali, na hilo ndilo kosa lake katika habari hii. Jua limewaka, tumbaku imevunwa, mvua zimerudi, na yeye bado anachemshia kahawa kati ya gunia la karanga na baiskeli isiyo na mnyororo, akisikia njia asiione. Alizeeka akiitazama ile njia. Anajua nani kapita na khanga mpya na nani kapita na deni usoni. Sasa anasikia honi tu, kama mgonjwa wa wodini. Kwa hiyo akatangaza kwamba mwaka huu anagombea yeye, na sera yake ni moja: benchi lirudi nje.

Ijumaa ikafika. Akawamiminia kikombe cha kwanza.

— Mwenyekiti, mvua hiyo. Tunapiga kura au hatupigi?

— Bi Saleha, dunia iko vitani, alisema Jenerali kutoka kwenye mgongo wa kiti chake. Nyumba ikiungua watu hawagawani vyumba.

— Nyumba ipi inaungua? Hapa panaungua mkaa wangu tu.

— Hoja ya mwenyekiti ina mashiko, alisema Katiba. Wahenga walinena, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Kwa hiyo nyasi hazipigi kura.

— Na haba na haba hujaza kibaba, alidakia Setilaiti.

— Umeona? alisema Katiba. Muhula na muhula hujaza maisha.

Jenerali akajikohoza, akawapandisha msafarani, maana huwa hakai sana bila kuwapandisha.

— Babu yangu aliongoza watu mpaka Ujiji. Simba huku, maji hakuna. Hakutokea mpagazi akasema tushushe mizigo tupige kura.

— Mpagazi alikuwa babu yangu, kiongozi, alisema Setilaiti. Mzigo alikuwa anaushusha. Halafu haonekani tena.

— Na msafara wa babu yako ulikuwa unakwenda, Mundhir, alisema Bi Saleha. Wewe umekaa.

Wakacheka, hata Katiba, kisha Katiba akakumbuka yuko upande gani. Ni katika kicheko hicho Ezekia alimaliza kahawa yake, akajifuta midomo, akakifudikiza kikombe juu ya sinia. Kililia kidogo tu, lakini Jenerali alishtuka kama kimelia jikoni kwake.

— Ezekia. Unafanya nini?

— Nimetosheka.

— Umetosheka na nini?

— Na kahawa, mwenyekiti.

— Unajua leo ni Ijumaa ya vikombe?

— Mimi najua. Tumbo langu ndilo halijui.

Jenerali na Katiba wakainamiana wakanong'ona. Bi Saleha aliwaona wakitingisha vichwa kama mbuzi wawili kwenye chumvi. Halafu Katiba akasimama, akakunjua karatasi isiyokuwepo.

— Kwa kuzingatia hali ya dunia, kuanzia sasa ni marufuku kwa mtu yeyote kufudikiza kikombe katika kijiwe hiki mpaka vita viishe. Na hakuna kutoka nje kikao kikiendelea, akidi isije ikavunjika.

— Hakuna kufudikiza kabisa? aliuliza Bi Saleha.

— Kabisa.

— Hata aliyeshiba?

— Hata aliyekufa, alisema Jenerali.

— Sawa, baba.

Alivyosema sawa, mtu mwenye akili angeinuka akaondoka. Maana nyumba ya Bi Saleha, kama nyumba zote za watu waliolelewa, ina adabu yake ya kahawa: kikombe kinachotazama juu kinaomba, na kinachoomba kinapewa. Mgeni hasemi basi kwa mdomo, anafudikiza. Na kukiacha kikombe kikapoa mbele ya mwenye nyumba ni tusi ambalo Mtendeni linarithiwa na wajukuu. Wote wanne walilijua hilo tangu utotoni. Waliokataza walikuwa wakifikiria kiti, hawakufikiria kibofu.

Bi Saleha akakiinua kikombe cha Ezekia kwa vidole viwili, akakirudisha kilivyozaliwa, akamimina. Akaenda kwa Katiba, akamimina. Kwa Setilaiti, kwa Jenerali. Wakanywa. Akazunguka tena.

— Chanzo cha hivi vita mimi ninacho, alisema Setilaiti, macho yameanza kufunguka kuliko kawaida. Ni asali. Nyuki wa wakubwa wa dunia wamegoma. Wanatafuta njia ya kufika Tabora.

— Kwa mizinga? aliuliza Ezekia.

— Kwa mizinga ndiyo. Wao wana ya kwao, sisi tuna ya kwetu, wanataka kubadilishana.

— Kunywa, alisema Bi Saleha, akamimina.

— Na yule rais wao hayupo tena, aliendelea Setilaiti. Waliyenaye ni wa akili mnemba. Ndiyo maana hachoki, hapepesi macho, na kila uchaguzi anashinda kabla watu hawajaamka.

— Na huyu wetu? aliuliza Bi Saleha, akimwonyesha Jenerali kwa kidevu.

— Huyu wetu anakoroma. Ni halisi.

Katiba goti lilikuwa limeanza kwenda lenyewe kama cherehani. Akalishika kwa mkono. Mkono nao ukaingia kazini.

— Demokrasia, alisema kwa haraka ya ajabu, demokrasia ni kama tumbaku. Ukiianika sana inavunjika. Dawa yake ni kuifungia stoo.

— Tumbaku ikifungiwa stoo inaota ukungu, alisema Ezekia.

— Upinzani, hapa hatuzungumzii tumbaku.

— Umeitaja wewe.

— Nimeitaja kisheria. Mwenyekiti, naomba nitoke kidogo, uani.

— Akidi, alisema Jenerali.

Bi Saleha akamimina. Mwenyewe hakunywa; aliyepika kahawa halazimiki. Makaa yalikuwa mekundu, na stoo ilikuwa imeanza kunuka tangawizi na jasho la wanaume.

— Sasa niwaambie kilichonifanya niwaingize ndani, alisema Jenerali, sauti yake nayo imeanza kukimbia. Mnawaona wale kunguru wa stesheni? Wale ni droni. Kuna aliyewahi kuona kifaranga cha kunguru?

— Juu ya paa langu wapo wanne, alisema Bi Saleha.

— Hizo ni droni ndogo.

— Zinakula mizoga?

— Zinajifanya.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Katiba, na hakuna aliyejua ameijibu hoja gani, hata yeye.

Hapo ndipo mlango uligongwa. Wanaume wote wanne wakaruka kwenye makalio yao, na Jenerali akajificha nyuma ya gunia la karanga, jambo ambalo baadaye aliliita ukaguzi.

— Hodi hapa.

— Karibu, pita.

Akaingia mama wa makamo, kitenge kimelowa mvua, kapu mkononi. Akapiga goti kidogo.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?

— Usoke, nimeshuka na treni. Naitwa Veneranda. Nimeelekezwa kuna kijiwe cha kahawa kwenye kona hii, nimepita nikarudi, baraza ni tupu. Nikadhani mwenyewe alishafariki.

Bi Saleha alimpa kigoda, akachukua kikombe kisafi, akamimina. Alishafariki. Basi ndivyo ile njia ilivyokuwa ikisema huko nje, na yeye yuko ndani anahesabiwa marehemu.

— Mbona mmejifungia? aliuliza Veneranda.

— Vita, mama, alisema Jenerali akijipangusa maganda ya karanga. Huko nje ni hatari.

— Nje hapa nimetoka mimi. Kuna muuza mahindi.

— Nje ya nchi.

— Aa. Veneranda akapuliza kahawa yake. Nani na nani wanapigana?

Jenerali akamtazama Katiba. Katiba akamtazama Setilaiti. Setilaiti akaichomoa simu, kidole kikakimbia juu yake, na kadiri kilivyokimbia ndivyo uso ulivyozidi kushuka.

— Vile vita vya kwanza viliisha kabla ya Ramadhani, alisema taratibu.

— Tukahamia vile vingine, alisema Katiba.

— Vile vingine walivisimamisha.

— Si vikaja vile vya jangwani?

— Ile ilikuwa fainali ya mpira, Katiba.

— Lakini palikuwa na bendera.

— Basi mnawakimbia kina nani? aliuliza Veneranda, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza bei.

Mvua ikasikika juu ya bati. Bi Saleha akaenda mbele ya kiti chenye mgongo, akakiinamishia dele kikombe cha mwenyekiti, na Jenerali, jasho linamtiririka, magoti yamebanana kama ya mwari, mkono wake ukamtangulia akili: akakifudikiza.

Kila mtu alikiona.

— Mwenyekiti amefudikiza, alisema Ezekia.

— Ni tumbo, alisema Jenerali. Si kura.

— Na la Ezekia lilikuwa tumbo, alisema Bi Saleha. Shomari, sheria inasemaje?

— Asiye na mwana aeleke jiwe.

— Maana yake?

— Sijui, Bi Saleha. Nataka kwenda uani.

Jenerali akakirudisha kikombe wima kwa mikono miwili. — Marufuku haimhusu aliyeiweka. Tuendelee.

Bi Saleha akawatazama wengine mmoja mmoja. Setilaiti alikifunika chake kwa kiganja, hakukigeuza. Katiba aliangalia dari. Ezekia alikizungusha chake kwa kidole, akakilaza ubavu, akamwona Jenerali anamtazama, akakisimamisha tena. Ni Veneranda peke yake, asiyejua lolote, aliyemaliza kahawa, akakifudikiza kikombe chake juu ya sinia, akasema:

— Asante, bibi. Nimetosheka.

— Huyo si mwanachama, alisema Jenerali.

Bi Saleha akaliinamisha dele. Likatoa matone mawili ya machicha, likaishia hapo.

— Kahawa imekwisha, alisema. Nyingine nachemshia barazani. Mwenyekiti mnaye, paa mnalo, vita mtavitafuta humo kwenye simu, mkivipata mniite. Veneranda, nishikie hilo jiko, mwanangu, shika kwa upande wa mpini.

— Bi Saleha, kikao hakijafungwa, alisema Jenerali.

— Nakifunga mimi.

Akalikumbatia dele lake, akamtanguliza mgeni na makaa, akavuka kizingiti, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukalia.