Shangazi na Joto la Mayai

Tarehe 30 Juni, fundi wetu wa mitambo anakabidhi funguo za chumba cha kutotolea vifaranga, baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Wengi hawalijui jina lake la kwenye kitambulisho. Hapa kwetu ni Shangazi, basi.

Alianza kwa kufagia chumba hicho chenye mwanga hafifu, ambamo mtu hujikuta ananyata bila kuambiwa. Baadaye akasomea umeme, na alipokwisha kuwa bibi akajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Wapo waliocheka. Mwenyewe alisema kompyuta ni kama mtoto mchanga: kulia atalia, kazi yako ni kujua analilia nini.

Kilio kilikuja vilipofungwa vipimajoto vipya. Kila kimoja kilituma joto kwenye kompyuta kupitia waya wa poti ya siriali, kwa baiti mbili, yaani namba moja iliyokatwa vipande viwili, na kwenye skrini tukaona takataka tupu, herufi za ajabu na viboksi. Shangazi akaandika programu ya kuziunganisha baiti hizo ziwe namba moja. Akaiwasha mbele ya mkuu wa kituo. Skrini ikasema nyuzi 3,097.7.

“Zima joto! Mayai yanaungua!” mkuu akapiga kelele, mkono tayari kwenye swichi. Joto lingezimwa mpaka wataalamu waje, vifaranga wote wangefia ndani ya ganda.

Shangazi akamzuia. Akachukua yai, akafumba jicho na kuliegemeza kwenye kope, kama wafanyavyo watotoleshaji wa zamani kupima joto, akatulia kama anayesinzia.

“Liko sawa, bosi. Niliyekosea ni mimi, si yai.”

Alikuwa amezisoma baiti kinyumenyume, ya nyuma ikatangulia. Katika Python, alama moja yenye ncha, < au >, ndiyo huamua ipi ianze. Akaigeuza ncha, skrini ikasema 37.7.

Wiki ileile ganda la kwanza likapasuka, kisha chumba kizima kikajaa milio myembamba. Mkuu alisimama humo asubuhi nzima akitabasamu peke yake, akatoka na kifaranga kwenye mfuko wa shati bila habari.

Shangazi, ahsante kwa kutufunza, na kwa kutukemea tulipostahili. Uwe na siku ndefu zenye afya na usingizi usiokatizwa na king'ora cha mitambo. Mayai yatapata joto lao kama kawaida. Baridi itakuwa yetu sisi.