Alhamisi Kasha Ilipoitikia Jina Langu

Mheshimiwa Commissaire wa Zone. Citoyen Président wa Ushirika wetu wa Nyumba pamoja na comité, kamati yako. Mapadri, wachungaji na shehe wetu. Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi pia ambao hamukualikwa lakini mulisikia harufu ya pilau mukaona vibaya kupita. Mababa na mamama wa Kasha, mutaa wetu huu. Na weye, Papa Bulonza, gérant wetu, musimamizi wa nyumba hizi, uliyekalishwa leo kwenye kiti chenye mito na ninaona hata mugongo hujauegemeza: nawasalimu wote, kila mutu kwa cheo chake na kwa umri wake.

Waliponiambia nitasema kwa niaba ya wenye nyumba, niliuliza kwa nini mimi, Asumini binti Almasi, muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wakati hapa tuna walimu wenye Kifaransa cha kutosha kujaza ziwa. Wakanijibu kwamba hakuna mutu Kasha nzima aliyemutukana Citoyen Bulonza kama mimi, kwa hiyo sifa zangu zitaaminika. Basi niko hapa. Wengi wenu mulimujua ofisini, akiwa na kalamu. Mimi nilimujua mulangoni kwangu, akiwa na kufuli mukononi.

Niwaeleze wageni. Ushirika huu ulitujengea nyumba na kutuuzia kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Aliyelipa mpaka mwisho, nyumba ikawa yake. Aliyekwama katikati, sheria yake ilikuwa fupi: vyombo vinatolewa uani, mulango unapigwa kufuli, nyumba inauzwa kwa mutu mwingine. Na mwaka ule, jamani, nani hakukwama? Pesa yetu ilishushwa thamani, bei ya chumvi na mafuta ikapanda, mishahara ikachelewa mpaka tukasahau sura yake. Bwana yangu Amuri, aliyekuwa clerc, karani, kwenye duka lililofungwa, alisikia kwamba dhahabu ya Shabunda sasa imefunguliwa kwa kila mwenye mikono. Akaenda. Akaniachia watoto, nyumba isiyokwisha kulipwa, na ahadi nyingi. Yuko pale nyuma, anaangalia viatu vyake. Alirudi baadaye, alhamdulillahi, pamoja na malaria. Dhahabu ilikosa nafasi kwenye gari.

Basi siku ile gérant alifika. Hakupiga kelele, hakuja na askari. Alibisha hodi kama mutu anayekuja kuoa. Akaomba maji ya kunywa, nikamunyima. Akaomba pa kukaa, nikamuonyesha jiwe. Akakaa juu ya lile jiwe, na suruali yake iliyopigwa pasi, akanieleza kwamba comité imekata shauri: mvua za Septemba zikianza kabla sijalipa miezi niliyobaki nyuma, nyumba inarudi kwa Ushirika. Nikamuambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mapadri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, kisha akaomba kuona nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na korongo. Wenyeji munalijua. Wakati ule lilikuwa limeshakula shamba langu la mihogo, limekula choo cha Maman Jeanine, na sasa lilikuwa linatazama kuta zetu. Kila mwaka Ushirika ulilipa mutu wa malori amwage udongo mule ndani, na kila mwaka mvua iliuchukua ule udongo ikaupeleka ziwani. Gérant alisimama pale ukingoni kwa muda. Akaniuliza ni nani atanunua nyumba hii nikifukuzwa. Nikamujibu aulize samaki.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kazi yetu ya pamoja ya lazima. Mheshimiwa Commissaire, kwa heshima zote, hapa uangalie pembeni kidogo. Salongo yetu ya siku zile munaikumbuka? Watu walikusanyika na majembe mabegani, appel ikapigwa, majina yakaitwa moja moja. Nusu ya wenye majina walikuwa sokoni Kadutu. Lakini hakuna aliyekosekana! Jirani alimuitikia jirani: «Présent», nipo. Mutu mumoja aliweza kuitikia yeye, shemeji yake, na marehemu baba mukwe wake. Kisha tukafagia barabara ambayo ilishafagiliwa na upepo, tukarudi nyumbani. Gérant alikuja kutazama yote haya. Alisimama kando, mikono mugongoni, na sisi tukadhani anatafuta wadaiwa.

Kumbe alikuwa anatafuta dawa. Jumatatu aliingia mbele ya comité akasema jambo ambalo wengine walifikiri limeletwa na jua kali. Alisema: Ushirika unalipa malori kumwaga udongo ambao haukai, na Ushirika unafukuza watu wenye mikono. Kwa nini watu hawa wasijenge kuta za mawe kwenye korongo na kupanda matete, na kila siku ya kazi yao ihesabiwe kama sehemu ya malipo ya nyumba?

Mabishano yalikuwa makubwa, nimesimuliwa. Mumoja alisema kazi ya pamoja ni ya taifa, kuilipia ni kutafuta matatizo na wakubwa. Gérant akajibu kwamba Jumamosi atawaachia wakubwa, yeye anataka Alhamisi. Mwingine akauliza: masikini akilipa kwa jembe, nani atalipa tena kwa pesa? Na hapo Papa Bulonza, mutu wa kisiwa cha Idjwi, mupole namna hii, akakasirika. Akawauliza kama wanajua mutu anayependa kubeba mawe wakati ana pesa mufukoni. Akawauliza tena: nyumba ikishaanguka korongoni, mutaipiga kufuli wapi? Wakamupa nafasi ya musimu mumoja tu, na wakamuambia wazi kwamba mambo yakiharibika, ni yeye atakayeondoka.

Ndugu zangu, tulifanya kazi. Kila Alhamisi, wanaume kwa wanawake, tuliteremuka na mawe. Mwalimu wa shule, ambaye alikuwa hajawahi kushika kitu kizito kuliko chaki, alilia siku ya kwanza, siku ya pili akatuimbisha. Gérant mwenyewe alikunja suruali akaingia matopeni, na miguu yake, nisamehe Papa, ni myembamba kama ya kuku wa wakati wa njaa. Lakini alikuwa mukali! Appel aliipiga yeye. Asiyekuwepo hakuhesabiwa. Siku ya kwanza kabisa kijana mumoja aliitikia kwa ajili ya kaka yake, kama tulivyozoea, na gérant akamurudisha nyumbani mbele ya watu wote. Akatuambia kwamba huu mudomo wetu unaoitikia bila mukono ndio ulioleta korongo mpaka milangoni. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu.

Nami nilibeba mawe, nikahesabiwa vizuri, mpaka Agosti. Agosti surua iliingia Kasha, ikamushika mutoto wangu Mwamvua. Nililala naye hospitalini. Alhamisi moja ikapita, na nyingine, na nyingine. Nilikaa pale chini, kando ya kitanda chake, nikisikia kila pumzi yake, na katikati ya pumzi nikiona mawingu ya mvua kwenye dirisha. Nilijua mutoto akipona, hatutakuwa na pa kurudi. Nilimuomba Mungu vitu viwili, nikaona haya, nikabaki na kimoja. Alipona. Mumuangalie, ndiye aliyewapa soda wageni leo.

Sasa ninalosimulia halikuonekana na macho yangu, lakini walioliona wapo, na kila mumoja analisimulia kama ni lake peke yake. Alhamisi ya mwisho kabla ya mvua, gérant alipiga appel. Akafika kwenye jina langu. Alijua sipo. Alijua pia kwamba nisipohesabiwa siku ile, na siku zingine nilizokosa, kufuli litarudi. Lakini jina ni jina. Akaliita.

Fundi mwashi wetu, Papa Barthélemy, akajibu: «Présent». Mheshimiwa Commissaire unisamehe kwa jina hili la kizungu lililokatazwa; jina la mababu Papa Barthélemy analo kama sheria inavyotaka, ila hapa Kasha hakuna anayelijua.

Gérant akainua macho. Akaona ndevu. Watu wakamukumbuka yule kijana wa siku ya kwanza. Akamuambia fundi kwa ukali kwamba hapa si mahali pa kuitikia kwa mudomo, na ajuavyo yeye, Asumini ni mwanamuke. Fundi hakusogea. Nyumba yake alishaimaliza zamani, hakudaiwa hata senti na mutu. Hakuwa na sababu yoyote ya kusimama mule matopeni.

Akasema: «Gérant, miye deni sina. Leo hili jembe iko ya Asumini. Unihesabu kwa jina lake.»

Hapo hapo Maman Jeanine, yule aliyeliwa choo, naye akasema présent. Halafu mwalimu. Halafu mwanamuke mumoja ambaye mimi na yeye hatukusalimiana tangu ugomvi wa kuku, na bado sijui nimushukuru vipi, maana akiniona anageuza shingo. Halafu wengine na wengine, wadaiwa na wasiodaiwa, mpaka watu waliokuwa wanapita njia wakienda mashamba wakatua vikapu chini.

Wanasema gérant alivua miwani akaifuta na shati lake lenye matope, ikawa chafu kuliko mwanzo. Kisha akaanza tena. Aliliita jina langu, mutu mumoja akaitikia, akachukua jembe akateremuka. Akaliita tena, mwingine akaitikia, akateremuka. Asumini binti Almasi. Asumini binti Almasi. Akaendelea kuita mpaka pale juu hakubaki mutu wa kuitikia, akabaki yeye peke yake. Akakunja suruali, akaniitikia yeye mwenyewe, akashuka.

Ukuta ule mukubwa wa chini, ambao mumepita juu yake leo na viatu vyenu vya sikukuu, ulimalizika jioni ile.

Comité ilimuita. Ilitaka kujua mwanamuke mumoja, tena aliyelala hospitalini, anafanyaje kazi ya watu wengi namna ile kwa siku moja. Nawaomba mushike jibu lake, maana ndiyo hotuba yenyewe. Haya mengine yangu ni kelele tu. Alisema: «Mulinituma niite jina na nihesabu majembe. Jina niliita, likaitikiwa. Kazi iko kule chini, mwende muikatae.» Walikwenda. Walitembea juu ya ukuta, wakapiga mawe kwa visigino. Mvua ilikuja wiki ile ile, mvua ya kubomoa, na korongo halikusogea. Nilirudi na mutoto mugongoni, nikaweka mukono juu ya mulango wangu, nikasukuma, ukafunguka.

Tangu wakati ule hakuna nyumba ya Kasha iliyopigwa kufuli ambayo mwenyewe alikuwa tayari kufanya kazi. Tumechimba mifereji, tumetengeneza ngazi za chemchemi, tumeweka bati kwenye shule. Wajumbe wengine walikuja kutoka mitaa mingine kuuliza tunafanyaje. Lakini Papa Bulonza alilipa kwa lile jibu lake, na hakutuambia. Posho yake ya mwaka ule ilizuiliwa yote. Tulijua baadaye sana, tena kwa muke wake, Maman Cibalonza, aliyekuwa anapika maharagwe matupu na kutuambia daktari amemukataza nyama. Nilipojua, nilimupelekea Papa jogoo. Akapanda kilima chote hiki kwa miguu, jogoo kwapani, akanirudishia, eti gérant hali kuku wa mwenye nyumba. Ni sifa hiyo au ni ukaidi? Mimi naona ni vyote viwili, na vyote viwili tutavililia.

Sasa anastaafu. Comité imemupa radio nzuri, tumepiga makofi, na yeye ameshukuru. Lakini kuna jambo ambalo ameficha, nami leo ninalitoa uani. Mutu huyu aliyesimamia mamia ya milango, hana mulango wake. Nyumba anayokaa ni ya kazi. Mwisho wa mwezi anarudisha ufunguo. Tumemuuliza anakwenda wapi, akasema kwao Idjwi, kwa baba yake, kama vile mambo yote yako tayari. Tumetuma watu waone. Papa Bulonza, nyumba ya baba yako ilianguka mvua iliyopita. Imebaki migomba na jiko la mawe matatu. Ulikuwa unataka umupeleke mama huyu alale wapi?

Usijibu. Usisimame. Leo si zamu yako.

Mabati yameshafika bandarini, kila nyumba ilitoa lake moja. Misumari imetolewa na wafanyabiashara wa msikiti wetu, mbao na parokia, na wamegombana nani atoe zaidi. Papa Barthélemy alivuka ziwa tangu Jumanne, ameshapima msingi. Maman Cibalonza alimuonyesha kwenye karatasi mahali anapotaka mulango, utazame ziwa. Ndiyo maana tangu asubuhi hathubutu kukuangalia usoni. Umetufundisha miaka yote hii kwamba mukono wa mutu unaweza kusimama mahali pa mwingine. Ulifikiri hatukusikia?

Mheshimiwa Commissaire, ndugu wageni, nimewachosha, na pilau inapoa. Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Wale wa kwenda Idjwi kujenga, mulale mapema: boti inatoka kesho alfajiri, na kila mutu aje na jembe lake.