Nafasi Moja Kwenye Landrova

Wasikilizaji wapendwa, mlio shambani na mlio jikoni, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mwalimu Kasiani wa Kilosa. Mwalimu Kasiani, aliyewafundisha waganga wa zahanati za vijijini, ametutoka wiki iliyopita. Tulimzika juzi, mvua ikinyesha.

Kasiani alikuwa hatulii. Jamani, mtu yule! Mkewe, Mama Letisia, anasema hata ugali alikuwa anakula amesimama. "Anarudi kazini, anavua viatu, anavivaa tena. Namuuliza, baba, wapi tena? Ananiambia, kuna mgonjwa nimemruhusu aende kwake, sasa roho haitulii." Basi huyo, anakwenda. Mara nyingi anamkuta mgonjwa mzima, anatafuna muhogo. Anarudi anacheka, lakini usingizi hapati.

Na ndivyo alivyofundisha. Dawa na majina ya mifupa yamo vitabuni, yeye alitaka wanafunzi wajue kuamua. Na wakishaamua, warudi kuangalia tena. Wengine walimchoka, tusidanganyane. Walimwita Bwana Rudi.

Sasa twende mwaka sabini na nne, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Vitanda, kuku, mitungi, wazee, vyote juu ya lori moja. Kasiani alikuwa anatoka Mikumi kurudi Kilosa, katika Landrova ya chuo, yeye na dereva na mwanafunzi wake Bibiana. Karibu na Kilangali wakakuta lori limelala ubavu kwenye tope.

Wengi walichubuka tu. Walioumia ni wawili. Na Landrova, ikiwa imejaa makasha ya dawa, ilikuwa na nafasi ya kulaza mtu mmoja. Mtu mmoja tu, wasikilizaji. Mto mbele ulikuwa unajaa. Atakayeachwa atangoja mpaka maji yapungue, na nani ajuaye lini?

Wa kwanza alikuwa Donati, kijana wa miaka kumi na saba. Mfupa wa mguu umetokeza nje, anapiga mayowe hadi watoto wanalia naye. Wa pili alikuwa Mzee Kibwana. Huyu ameketi kimya juu ya godoro lake, anatazama kuku wake.

Kasiani akamwambia Bibiana, "Amua. Kesho ukiwa zahanatini utakuwa peke yako."

Bibiana akapiga goti mbele ya mzee. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, unaumwa wapi?"

"Mimi sijambo. Mtazame huyo kijana, masikini, anateseka."

Bibiana akainuka. Akasema, "Tumchukue Donati." Watu wakambeba, wakamlaza garini. Nani angesema hapana? Mama yake alikuwa amemshika kichwa.

Lakini Kasiani alikuwa anazunguka gari. Mara huku, mara kule. Akamuuliza Bibiana, "Umejuaje mzee hajambo?"

"Amesema mwenyewe."

"Binti, kwenu Berega, babu yako akiumwa humwambia mjukuu?"

Bibiana, ambaye leo ni mganga mkuu wa zahanati, ametusimulia haya kwa kinywa chake. "Nilijisikia kufa. Kwetu mtu mzima hamwagi maumivu yake mbele ya mtoto. Najua hivyo tangu kuzaliwa. Na bado nilichukua heshima yake nikaifanya kipimo."

Akarudi mbio. Hakuuliza tena. Akamshika mzee mkono. Mkono wa baridi, na jasho. Mapigo ya moyo yanakimbia, membamba, yanapotea chini ya vidole. Akagusa tumbo, gumu kama ubao. Mzee alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani.

"Mwalimu," akasema, "tumshushe Donati."

Ee, kulikuwa na zogo! Mama wa Donati akajitupa mbele ya gari. "Mnamwacha mwanangu kwa ajili ya mzee anayeongea?" Kasiani akamwachia Bibiana neno la mwisho. Bibiana akarudia, "Tumshushe." Wakamsafisha Donati, wakaufunga mguu kwa mbao za bodi ya lori, wakamchoma sindano ya maumivu. Wakaondoka na mzee.

Mzee Kibwana alipasuliwa jioni ile. Bandama lilikuwa limepasuka. Angengoja, asingefika asubuhi. Aliishi miaka sita zaidi, akalima mpunga, akaozesha wajukuu.

Donati alingoja siku mbili. Mguu ukaoza. Ukakatwa juu ya goti.

Wasikilizaji wapendwa, uamuzi ulikuwa sahihi. Nasema tena, ulikuwa sahihi. Na Kasiani hakupata raha. Kila alipopita njia ile alisimama kwa Donati, akamuuliza, "Je, tulikosea?" Na Donati alimjibu kila mara, "Hapana, Mwalimu. Hamna neno."

Juzi pale kaburini Donati alikuja kwa magongo yake. Akaomba kusema. "Mwaka jana alikuja tena," akasema. "Akaniuliza yale yale. Nikachoka kuwa mwungwana. Nikamwambia, Mwalimu, mlifanya haki, ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini mguu ulikuwa wangu, nilikuwa na miaka kumi na saba, na nimewachukia kila masika. Nikadhani ataondoka. Hakuondoka. Akaniambia, 'Niambie yote.' Nikamwambia mpaka giza likaingia. Tulilia wote wawili. Tangu mguu ukatwe, ni yeye peke yake aliyetaka kusikia."

Mama Letisia, watoto, na ninyi nyote mliofundishwa naye, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki, kuna mtu nyumbani ametujibu leo kwamba hajambo, tukapita. Zimeni redio kidogo, mkamwulize tena.