Bonifasi Kaitwa Mahakamani

Kijiwe cha Rusimbi kina benchi moja, birika moja la kahawa na midomo isiyojua kufungwa. Asubuhi hiyo Bonifasi, fundi mitumbwi ambaye vijana humwita Msumari, alifika amenyong'onyea. Mahakama imemwita awe mzee wa baraza: kesho akae karibu na jaji, asikilize kesi ya mauaji yaliyotokea kule Katonga, halafu atoe maoni. Mshtakiwa ni Anatoli, mvuvi wa dagaa. Kesi ya kitanzi hiyo, mchezo? Tangu wito ufike, Bonifasi hajalala.

Wenzake walikuwapo: Pastory, aliyewahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi na tangu hapo akaitwa Wakili, na Feliksi, aliyeitwa Redio kwa kutangaza habari za watu.

WAKILI: Mzee baba, mbona umenuna? Unakaa kwenye kiti, unakunja uso, basi.

BONIFASI: Nikisinzia je?

WAKILI: Thubutu! Mwisho jaji anakuuliza, ana hatia au hana? Anaweza kuyakataa maoni yako, lakini kusema utasema.

REDIO: Acha zako! Wanafungiwa ndani, simu wananyang'anywa, hata chooni unasindikizwa na bunduki.

WAKILI: Bunduki afadhali. Ndugu wa marehemu wanakusoma midomo. Ukimtetea Anatoli, unaamka umegeuka fisi.

REDIO: Ukimfunga, ndugu zake Anatoli wanakugeuza mamba. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Bonifasi hakuona msemo huo unamponya nini.

REDIO: Kwani kesi yenyewe ngumu? Eti usiku ule alikuwa ziwani anavua. Na mbalamwezi ile! Mwezi ukiwa mpevu, dagaa gani wanafuata taa?

WAKILI: Kaua huyo. Lisemwalo lipo.

BONIFASI: Ngoja. Nani alisema kulikuwa na mbalamwezi?

REDIO: Si Wakili!

WAKILI: Mimi? Nilisikia kwako Msumari, hapahapa.

Bonifasi akaweka kikombe chini. Yeye habari hiyo aliisikia kwa Redio.

Kabla hajasema neno, mwanamke mwenye beseni la dagaa kichwani akasimama mbele yao.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama. Sogea, kahawa ipo.

— Sitakaa, baba. Mzee Bonifasi ni yupi?

— Ni mimi.

— Naitwa Melania. Mke wa Anatoli.

Redio akainamia kikombe chake kama aliyedondosha kitu ndani. Wakili akakohoa.

— Natoka gerezani kumwona. Amesikia kwamba na wewe utakuwamo. Kesho ataulizwa kama anamkataa mzee wa baraza yeyote. Wazee wenzako yeye hawajui, lakini sifa zako amezisikia pwani nzima ya ziwa. Anasema, Bonifasi hapigilii ubao mbovu kwenye mtumbwi wa mtu.

— Ndivyo asemavyo?

— Ndivyo. Kanituma nikuulize tu, baba. Akukubali?

Bonifasi alifungua kinywa. Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi, na mama huyu alilihitaji kama maji. Lakini angelisemaje, naye alishamtia Anatoli kitanzi siku nyingi, hapa benchini, kwa maneno ya Redio? Akamtazama Redio. Redio akamtazama Wakili. Wakili akainua birika ammiminie mtu, yeyote, na birika lilikuwa tupu.

Melania hakutua beseni. Alisimama palepale, akingoja jibu la kumpelekea mumewe.