Mzee Ngatia Anastaafu, Mfereji wa Wakonyo Ungali Umefungwa

Mzee Simeon Ngatia, mkaguzi wa maji wa Baraza la Mji wetu wa Gikurwe, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Septemba 1984, baada ya kututumikia miaka ishirini na saba. Nimepewa mimi, Rashid Dawud, dereva wa lori la maji, kazi ya kuandika habari zake, kwa sababu katika idara nzima hakuna anayenishinda Kiswahili. Shule niliiacha darasa la nne, lakini barabara imenisomesha mpaka Kampala. Atakayeona makosa ayameze na chai yake, ambayo leo ni nusu kikombe kwa kila mtu, amri ya Baraza.

Aliajiriwa mwaka wa 1957 kuchimba mitaro ya paipu zilizokwenda kwa wazungu. Uhuru ulipokuja akachimba ya kwetu. Mwaka wa 1969 yeye na wenzake walipasua mwamba kwa nyundo mpaka maji yakafika zahanati, na wauguzi wakapiga vigelegele kama wa harusi. Akapandishwa cheo, akapewa baiskeli, spana kubwa na koti la mvua. Koti hilo, jamani, mwaka huu halijatoka kwenye msumari.

Mvua ya Aprili haikuja. Baraza likatangaza: maji ni Jumanne na Ijumaa tu, hakuna kuosha gari, hakuna kumwagilia mboga, hakuna kumgawia jirani. Atakayevunja amri, mfereji wake wa bomba unakatwa mpaka ukame uishe. Na mkataji ni Ngatia.

Hakupendelea mtu. Alimkuta diwani mmoja akiosha Peugeot, akamfungia maji katikati ya kazi. Gari likazunguka mji miezi miwili, ubavu mmoja mweupe, mwingine rangi ya barabara. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sikumbuki kama tumecheka tena tangu hapo.

Kwa vile hakuweza kulinda kila boma, Ngatia alitazama mboga. Sukuma wiki ikiwa kijani, mwenyewe ana maswali ya kujibu. Lakini watu wetu ni wajanja kuliko hata mimi wa Kampala. Walichota majivu jikoni wakapaka majani, shamba likaonekana limekufa. Watoto walipoiona baiskeli walipiga kelele, "Pakeni mboga poda, Ngatia huyo!"

Siku moja mwezi wa Juni alipita maboma matatu ya namna hiyo. Kila mahali alifuta jani kwa kidole akakuta kijani, na kila mahali akaapiwa kwa jina la Mungu kwamba maji hayajaguswa. Akakata yote. Boma la nne lilikuwa la jirani yake, Wakonyo, mjane mwenye goti bovu. Mboga zake zilikuwa kijani waziwazi, hazina jivu hata chembe.

"Baba Wacera, hayo ni maji niliyooshea vyombo," Wakonyo alimwambia Ngatia. "Inama unuse udongo, utasikia sabuni."

"Leo nimenusa uongo wa kutosha, Mama Ngendo," akajibu, akakata.

Wiki mbili baadaye, mfereji ungali umefungwa, mboga za Wakonyo zilikuwa kijani vilevile. Ngatia alishuka baiskeli, akapiga magoti, akanusa. Sabuni. Mji umejaa wapaka majivu ambao hawakushikwa na wanakunywa mpaka leo. Asiyekuwa na cha kuficha ndiye aliyefungiwa.

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu, mfereji ule ufunguliwe kabla hajaondoka kazini. Alisimama mbele ya kamati ya maji ya Baraza akasema wazi kwamba amekosea. Akajibiwa, "Tukifungua mmoja, kesho mji mzima utatuambia ni maji ya vyombo." Alirudi Julai, mwenyekiti alikuwa Nyeri. Alirudi Agosti, akaambiwa angojee mvua.

Wakonyo sasa huteremka mtoni bondeni kuchota, debe mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na goti lile. Ngatia humwachia langoni debe moja la mgao wake mwenyewe, na amri anaijua. Debe hurudi limeoshwa, limeangikwa kwenye ua. Lakini salamu ya Ngatia haiitikiwi.

Juma lililopita Karani wa Baraza alimwuliza anataka zawadi gani. Akasema hataki kitu, Wakonyo afunguliwe. Kamati imemnunulia blanketi. Ni zuri, nimelileta mwenyewe kutoka mjini Nyeri, lakini mtakapomwona akilipokea bila kutabasamu, msimwite mtu asiye na shukrani.

Spana inachukuliwa na Kingori, mkaguzi mpya, ambaye Ngatia mwenyewe amemfundisha kutomwonea mtu haya. Mzee ameshasema kwamba kuanzia kesho yeye ni raia, na atapitisha paipu kutoka mfereji wake juu ya ua mpaka kwa Wakonyo. Karani akamkumbusha kwamba mfereji wake pia utakatwa.

"Kateni," alisema Mzee. "Tutateremka bondeni wawili."

Mimi na lori langu tumepita kule bondeni juzi. Mto umebaki mawe na vidimbwi.

Mzee Ngatia, asante kwa maji yote uliyotuletea, hata kwa yale uliyotunyima kwa amri. Uishi salama na mkeo na wajukuu. Na huko bondeni, wewe na Mama Ngendo mkifika, Mungu awajalie mkute bado kuna cha kuchota.