Onchiri Oyaro, Aliyerudishwa kwa Jino na Mtulinga

Onchiri Oyaro alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 karibu na Ndanai, Sotik, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oyaro na Mama Bilhah, ambaye tuko naye hapa. Alisoma hapo hapo Ndanai hadi kidato cha pili, akaacha shule baba yake alipofariki mwaka 1996.

Mwaka 1998 aliajiriwa kuchuma majani katika shamba la chai upande wa Kericho, baadaye akawa dereva wa trekta. Mwaka 2012 trekta lilipinduka kwenye mteremko, akavunjika mtulinga wa kushoto, ule mfupa kati ya shingo na bega. Mfupa uliunga ukiwa umepinda, na tangu hapo kila kitu alikibeba kwa bega la kulia, hata watoto.

Alimwoa Janefer Nyabate tarehe 18 Desemba 2004. Siku hiyo kifungulio cha soda kilipokosekana, bwana harusi alijitolea kufungua kwa meno. Chupa ya nne iliondoka na kipande cha jino la mbele. Kuanzia hapo alicheka akifunika mdomo kwa mkono, na Janefer hakuchoka kumwambia, "Si ungengoja tu kifungulio, Baba Beverly."

Kwa kawaida hapa tungesoma habari za ugonjwa. Onchiri hakuugua. Jumanne tarehe 9 Novemba 2021 alitoka kazini saa kumi jioni, siku mbili baada ya kuripoti kwamba majani yalikuwa yakishushwa njiani kabla ya kufika kiwandani. Hakufika nyumbani. Janefer alipokwenda kituo cha polisi kuandikisha ripoti, aliambiwa, "Mama, wanaume hutoroka. Enda ungoje." Alirudi pale mara thelathini na moja, kila mara akiulizwa jina la mumewe upya.

Tarehe 17 Februari 2023 wakata kuni walipata mifupa kwenye mikaratusi ya shamba. Ripoti ya kwanza ikasema ni mzee wa miaka sitini, kwa kuwa meno yalikuwa ya kahawia na yamelika. Janefer alisimama kwenye kaunta ya polisi.

"Afisa, sisi wote tuliokunywa maji ya kisima huku tuna meno ya kahawia. Hata wewe, hebu fungua mdomo."

Afisa hakufungua. Sampuli ya DNA nayo ilikwama Nairobi miezi saba.

Mwishowe alikuja Daktari Adoyo, mtaalamu wa mifupa ya binadamu, mtu wa kwanza kumpa Janefer kiti. Alimweleza kwamba nyonga ilikuwa ya mwanamume, na mizizi ya meno ilionyesha mtu wa miaka arobaini na kitu.

"Aliwahi kuvunjika?"

Janefer akataja mtulinga. Eksirei ya mwaka 2012 ikalingana.

"Una picha yake akicheka?"

Alipekua albamu mbili. Mdomo umefunikwa kila mahali, isipokuwa picha moja: Onchiri amempakata Beverly wa wiki moja, mikono yote imejaa mtoto. Jino lililomeguka lilikuwa lile lile la kwenye fuvu.

Tena fuvu lilikuwa na ufa. "Mfupa wa mtu aliye hai huanza kujiunga," daktari alisema taratibu. "Huu haukupata nafasi. Pole, mama. Alipigwa."

Mtu mmoja sasa yuko mbele ya korti.

Hata hapo hatukuachiliwa. Tuliambiwa tuzike mifupa mingine, fuvu libaki kama kielelezo. Janefer akasema, "Sitazika mume wangu bila kichwa." Aliingia na kutoka ofisi za polisi na korti miezi kumi na nne, mpaka fuvu lilipopigwa picha zote zilizotakiwa na korti ikaamuru litolewe. Alikabidhiwa Jumatatu iliyopita.

Onchiri ameacha mama yake Bilhah, mjane wake Janefer, watoto wake Beverly na Omariba, na dada zake wawili. Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, tunamzika akiwa mzima.

Sisi tumechoka. Yeye na alale salama.