Fomu ya Mchungaji Asiyejua Kuhubiri

Kijiwe chetu ni benchi moja na birika moja la kahawa, mbele ya banda la fundi viatu. Asubuhi ile tulikuwa na kazi nzito. Vita vimepamba moto, hospitali ya jeshi inatafuta mchungaji wa kukaa na majeruhi, na wetu ameomba kwenda. Ametuachia fomu tumpendekeze sisi tunaomjua. Muuguzi wa hospitali hiyo angepita kuichukua kabla ya saa nne. Bila fomu, nafasi anapewa mwingine. Mzee Muhuri, karani mstaafu, alishika kalamu, akakwama mstari wa pili: uwezo wa kufariji kwa maneno.

— Andika anahubiri vizuri, alisema Fundi.

— Niandikie jeshi uongo? Jumapili mtu kapotea katikati ya mahubiri, tukakaa tunamsubiri arudi.

— Hiyo ndiyo faida, akadakia Redio, ambaye habari zote huanzia kwake. — Majeruhi wanataka usingizi. Huyu atalaza wodi nzima bila sindano.

— Na adui je? akauliza Fundi.

— Mpe kipaza sauti. Adui naye atalala, Jumapili mbili vita vimekwisha.

Tulicheka, ingawa hakuna aliyetaka aondoke. Mtu yule tunampenda. Mzee Muhuri aliandika, akafuta, akaandika tena. Redio akataka tumwombee na cheo cha kanali, ili aonekane mzito.

Muuguzi alifika birika likiwa limebaki machicha. Akatuamkia, akasoma yaliyofutwa, kisha akamuuliza Fundi sababu yake ya kumpendekeza.

— Mwanangu, mke wangu alipofariki, mchungaji alikaa na mimi benchi hili wiki nzima.

— Alikuwa anakuambia nini?

Fundi akatutazama tumkumbushe. Kwangu pia alikuja, binti yangu alipolazwa. Nikatafuta neno lake hata moja, sikulipata.

— Wodi yangu ina vijana arobaini, alisema muuguzi. — Wameshaambiwa mengi.

Akachukua kalamu, akaukata mstari wa pili, akatupa karatasi tusaini. Fundi alisaini wa mwisho, taratibu. Alipomaliza alisogea pembeni kidogo kwenye benchi, kama afanyavyo kila siku saa nne, mchungaji apate pa kukaa.